Mkato na pumzi: historia ya alama ndogo katika mashairi yetu

Kati ya alama zote ambazo mwalimu alitufundisha ku masomo, hakuna ndogo kuliko ile tunayoiita virgili. Wengine wanasema koma, vitabu vya Kiswahili sanifu vinasema mkato. Ni kama mkia wa mjusi uliobaki kwenye karatasi. Mtu anaweza kuuliza: sasa alama ndogo hivyo, inastahili kuandikiwa kurasa nzima katika kitabu cha mila? Sisi tunajibu: ndiyo, tena sana. Leo tunakusanya nyimbo na mashairi ya wazee, tunayaandika kwa bik katika kaye, halafu tunayapiga kwenye mashine. Kila tunapofika katikati ya mstari, swali linarudi: hapa tuweke mkato ao tuache? Tukiuweka pasipo pake, tunamwekea mzee pumzi ambayo hakuivuta. Tukiuacha pale alipopumua, tunamkaba. Ndiyo sababu tunataka kueleza alama hii ilitoka wapi, iliingiaje katika mashairi ya Kiswahili, na sisi wa Kongo tuitumie namna gani.

Majina matatu, maana moja

Tuanze na majina, kwa sababu jina mara nyingi linabeba historia. Neno koma lilitoka kwa Wagiriki wa zamani. Kwao komma ilikuwa kitu kilichokatwa, ni kusema kipande kifupi cha maneno, hasa cha shairi ao cha hotuba. Mwanzoni haikuwa jina la alama, ilikuwa jina la kipande chenyewe. Katika mji wa Alexandria, huko Misri, karibu miaka 200 mbele ya Kristo, mlinzi wa maktaba kubwa aliyeitwa Aristophanes wa Byzantium alianza kutumia nukta zilizowekwa juu, katikati ao chini ya mstari, ili msomaji ajue wapi asimame kidogo na wapi asimame zaidi. Wakati ule watu walisoma kwa sauti, na maneno yaliandikwa yote pamoja bila nafasi. Kwa hiyo alama hizo zilitumikia kwanza kinywa na pumzi, kabla ya kutumikia sarufi.

Virgili inatoka kwa Kilatini, virgula, maana yake kijiti ao fimbo ndogo. Waandishi wa Ulaya walichora kamstari kaliyolala upande ili kuonyesha pumziko. Mwisho wa karne ya 15, katika mji wa Venezia, mchapaji Aldo Manuzio alikafupisha na kukapinda, nako kakashuka chini ya mstari. Ndiyo sura tunayoijua mpaka leo.

Na sisi Waswahili tunasema mkato. Neno linatoka kwa kukata. Angalia namna mambo yanavyokutana: Mgiriki alisema kilichokatwa, nasi tunasema mkato. Watu wa mbali wote waliona jambo moja, kwamba usemi ni kama mti mrefu wa kuni: lazima ukatwe vipande ili mtu aweze kuubeba.

Mashairi ya zamani hayakujua koma

Watu wengi wanafikiri kwamba mashairi ya Kiswahili yalizaliwa na koma zake. Hapana. Mashairi ya kwanza tunayoyajua yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kule pwani, Pate, Lamu na Mombasa. Utendi wa Tambuka, uliotungwa na Bwana Mwengo huko Pate na unaohesabiwa kuwa wa mwaka 1728, ni wa namna hiyo. Vilevile Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Maandishi ya Kiarabu ya zamani hayakuwa na koma kama hii yetu. Ile koma iliyogeuzwa kichwa chini, inayoonekana leo katika magazeti ya Kiarabu, ilienea pamoja na uchapaji. Na kanuni za alama hizo Ahmad Zaki Pasha alizipanga katika kitabu alichokitoa Misri mwaka 1912. Ni jambo la juzi tu.

Sasa wale washairi wa pwani walifanyaje? Walikuwa na kipande. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, na kila kipande kina mizani nane kwa kawaida, ni kusema silabi nane. Vipande vitatu vya kwanza vinafunga kwa kina kimoja, na cha nne kinafunga kwa kina kinachorudi katika utenzi wote toka mwanzo mpaka mwisho. Shairi la kawaida lina mishororo minne, na kila mshororo una mizani 16, nane upande mmoja na nane upande wa pili. Upande wa kwanza unaitwa ukwapi, wa pili utao. Katika karatasi za zamani, mwandishi alitenga vipande kwa nafasi ao kwa vialama vidogo, nukta ama mapambo. Alama hizo hazikusema neno lolote juu ya sarufi. Zilisema tu: kipande kimeisha hapa, hesabu yako ya nane imetimia, kina kimelia, pumua.

Kwetu Kongo pia herufi hizo zilifika. Wakati wa watu wa Kasongo na Nyangwe, kabla na baada ya Tippu Tip kufanywa wali wa Stanley Falls mwaka 1887, barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu zilitembea kutoka kituo mpaka kituo. Nyingine zimebaki katika maktaba za Ubeljiji, na mtaalamu Xavier Luffin amezichunguza. Tippu Tip mwenyewe aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akazitoa kwa herufi za Kilatini mwaka 1902 na 1903. Kwa hiyo tusiseme kwamba kuandika Kiswahili katika inchi yetu kulianza na shule za wamisioni. Kulikuwa na kalamu mbele ya hapo, kalamu isiyojua koma.

Chapa iliingia, mkato ukaingia nayo

Herufi za Kilatini zilipochukua nafasi, mchapaji alikuta shida. Katika sanduku lake la herufi za risasi hakuwa na mapambo ya wale waandishi wa Pate. Alikuwa na nukta, koma, na vituo vingine vya Kizungu. Vile alama ya kati ya ukwapi na utao ilihitaji kubaki, koma ikapewa kazi hiyo. Ukifungua diwani za karne ya 20, ao kurasa za mashairi za magazeti kama Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, utaona desturi hiyo mara nyingi: mizani nane, koma, mizani nane tena.

Tuchukue mfano wa Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyekufa karibu mwaka 1840. Mashairi yake yaliishi vinywani mwa watu. Baadaye, mwisho wa karne ya 19, Mwalimu Sikujua alimsaidia mmisioni W. E. Taylor kuyakusanya na kuyaandika kwa herufi za Kiarabu. Halafu William Hichens akayatoa kwa chapa mwaka 1940, kwa jina la Diwani ya Muyaka. Hesabu wenyewe: kinywa cha mshairi, vinywa vya watu, mkono wa mwalimu, mkono wa mchapaji. Alama za kizungu tunazozisoma katika kitabu cha 1940 ni za mkono wa mwisho. Muyaka hakuweka hata moja. Ila kipande, kina na mizani ni vyake kabisa.

Hapa ndipo tunapopata fundisho la kwanza: katika mashairi yetu mkato ni mtumishi, kipande ndiye bwana.

Mkato wa sarufi na mkato wa shairi

Katika maandishi ya kawaida, mkato unalinda maana. Tazama sentensi hizi mbili: "Sikumpiga, kwa hasira nikaondoka." Na ya pili: "Sikumpiga kwa hasira, nikaondoka." Katika ya kwanza, hakuna aliyepigwa, hasira ilinifanya niondoke. Katika ya pili, huenda nilimpiga, ila si kwa hasira. Mbele ya bazee wa baraza, koma moja inaweza kukulipisha mbuzi! Vilevile "Mama mpishi amefika" si sawa na "Mama, mpishi amefika." Katika ya kwanza mama ndiye mpishi. Katika ya pili tunamuita mama kumpasha habari ya mtu mwingine.

Na tena sarufi inakataza kutenga mwenye kutenda na tendo lake. Mwalimu wa dikte akiona "Mzee wa mtaani, amekuja na barua" atachora kwa bik nyekundu. Lakini katika shairi mstari huo ni salama kabisa. Hesabu: m-ze-e-wa-m-ta-a-ni, nane. A-me-ku-ja-na-ba-ru-a, nane. Koma iko mahali pake, kwa sababu haikuja kutenga maana, imekuja kutenga pumzi. Njo pale vijana wetu wengi wanajikwaa. Wanasoma shairi kwa macho ya sarufi, wanaona makosa yasiyokuwa makosa. Ao wanaandika shairi, wanasogeza koma kufuata sarufi, na mizani inaanguka kama ukuta usio na msingi.

Ili jambo lieleweke, sisi wenyewe tumetunga ubeti huu mmoja:

Mkato wa mshairi, si kalamu kuteleza,
Ni pumzi za safari, kilima ukimaliza,
Usomapo tafakari, papo sauti tuliza,
Ukipita kwa kiburi, wimbo unaupoteza.

Msomaji ajaribu kuusoma kwa sauti mara mbili. Mara ya kwanza asimame kwenye kila mkato wa katikati. Mara ya pili apite bila kusimama. Mara ya pili atasikia vina vya ri vinakufa, vinabaki vya za peke yake. Maana haikuguswa, maneno ni yaleyale, lakini nusu ya muziki imetoka. Kazi ya mkato katika shairi ndiyo hiyo: kukipa kina cha katikati nafasi ya kulia.

Watu wa kwaya wanajua jambo hili bila kufundishwa. Katika noti za muziki, alama inayowaambia waimbaji "vuta pumzi hapa" ina sura ya koma, imewekwa juu ya mistari. Mwalimu wa kwaya anajua kwamba sauti thelathini zikipumua kila moja kwa wakati wake, wimbo unapasuka.

Shule ya Kifaransa na mshangao wa mwaka 1913

Sisi tuliosoma Kongo tulipata ushairi kwa mlango wa Kifaransa. Tulihesabu silabi 12 za aleksandrini kwa vidole, sita na sita, na katikati mwalimu akasema: hapa kuna sezura. Boileau, katika kitabu chake cha sheria za ushairi cha mwaka 1674, alitaka maana nayo ipumzike pale katikati. Lakini angalia tofauti: sezura ya Kifaransa haihitaji alama yoyote. Koma ikikutana nayo, ni kwa sababu sarufi imeiita. Mshairi wa Kifaransa anaweka koma kwa ajili ya maana, na sezura anaiachia sikio. Mshairi wa Kiswahili wa jadi anaweka koma kwa ajili ya sezura yenyewe. Kumbe alama ni moja lakini kazi ni mbili. Aliyefundishwa kwa njia moja anaposoma mashairi ya njia nyingine, lazima achanganyikiwe.

Baadaye Wafaransa wenyewe waligeuza mambo. Guillaume Apollinaire, alipokuwa anasahihisha karatasi za chapa za kitabu chake Alcools kilichotoka mwaka 1913, alifuta alama zote za vituo, koma na nukta pamoja. Aliona kwamba mwendo wa wimbo na mwisho wa mstari vinatosha kumwongoza msomaji. Watu walishangaa. Lakini mzee wa Pate asingeshangaa, yeye aliishi vile siku zote.

Katika Kiswahili mabadiliko yalikuja na mashairi huru. Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Ugomvi ukawaka kati ya wafuasi wa jadi, wenye kushika sheria kama zile Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji ng'ambo ya Tanganyika, alizoziandika katika kitabu chake cha mwaka 1954, na vijana waliotaka kufungua kamba. Watu walibishana sana juu ya vina na mizani, kidogo sana juu ya mkato. Lakini tukitazama vizuri, mkato nao ulibadilika kazi. Mahali ambapo hakuna hesabu ya nane, koma haiwezi tena kuwa mlinzi wa kipande. Inakuwa chaguo la mshairi. Anaiweka anapotaka tusite, anaiondoa anapotaka maneno yagongane. Uhuru huo ni mzuri, ila una deni: mshairi huru lazima aweze kujibu kwa nini kila mkato uko pale ulipo.

Pumzi za wazee wetu wa Kongo

Sasa turudi nyumbani. Inchi yetu ina ushairi mkubwa uliotungwa kwa kinywa, si kwa kalamu. Waluba wa Kasai wana kasala, maneno ya sifa yanayotaja majina, ukoo na matendo ya watu, katika matanga na katika furaha. Patrice Mufuta alitoa kitabu juu ya kasala mwaka 1969, na Clémentine Faïk-Nzuji akatoa chake hapa Lubumbashi mwaka 1974. Mtu aliyesikia kasala anajua kwamba mwimbaji anaweza kutiririsha majina mengi kwa pumzi moja, halafu anyamaze ghafula, na ule unyamavu ndio unaowatoa watu machozi. Ukiandika majina hayo na kuweka koma baada ya kila jina, kama orodha ya vitu vya sokoni, umefuata sheria ya shule lakini umeua maji yaliyokuwa yanatiririka.

Kwa Wanyanga wa upande wa Walikale, mwaka 1956, mzee Shé-Karisi Rureke alisimulia habari za shujaa Mwindo kwa siku 12. Alisimulia, aliimba, alicheza, na waandishi walikuwa wanaandika maneno yake kwa mkono. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliyatoa katika kitabu mwaka 1969. Siku 12 za mwili mzima wa mtu zikaingia katika kurasa! Kila koma ya kitabu kama kile inabeba mzigo mkubwa: mguu uliopigwa chini, kikundi kilichoitika, mzee aliyekunywa kidogo na kuendelea.

Mfano wa tatu si shairi, lakini unafundisha. Mwaka 1965, mjini Elisabethville, mji ulioitwa Lubumbashi mwaka uliofuata, André Yav aliandika historia ya mji kwa Kiswahili cha hapa kwetu, kile tunachosema barabarani, kwa ajili ya wale waliofanya kazi za nyumbani kwa Wazungu. Kitabu chake, Vocabulaire ya mji wa Elisabethville, kilipigwa kwa mashine bila kufuata sheria za shule: maneno yaliungana ao yakakatwa, na vituo havikuwa na utaratibu. Johannes Fabian, alipotaka kukitoa upya mwaka 1990, aliona macho hayatoshi. Kalundi Mango, mtu wa lugha hii, alikisoma kwa sauti, na kwa kusikia, maneno yakarudi mahali pake na sentensi zikajitenga. Njo vile tunasema: mahali alama zimekosa, sauti ya mwenye lugha inaweza kuponyesha maandishi. Lakini mwenye lugha akiwa amekwisha kuondoka, nani ataponyesha?

Tufanye nini?

Jambo hili si mchezo wa wasomi. Wazee wanaojua nyimbo za kale wanatuacha mmoja mmoja. Tukiandika maneno yao bila pumzi zao, tutawaachia watoto mifupa, halafu tutashangaa kwa nini hawapendi kuila.

Kwa hiyo sisi tunapendekeza mambo manne. La kwanza, tunapoandika wimbo ao shairi la mzee, tusikilize kwanza mpaka mwisho bila kuandika kitu, ili tujue anapumua wapi. La pili, mkato tuuweke pale alipopumua, na mwisho wa mstari uwe pale alipotua, hata kama sarufi ya shule inanung'unika. Mwanzoni mwa maandishi tueleze wazi kwamba mikato ni ya pumzi, si ya sarufi, ili msomaji asipotee. La tatu, tutunze sauti yenyewe pamoja na karatasi, kwa sababu karatasi inaweza kukosea, na siku moja mtu atahitaji kusikia ili asahihishe. La nne, tumsomee mzee maandishi yetu kwa sauti mbele hatujayapeleka kwa mchapaji. Akitikisa kichwa, tusibishane naye kwa vitabu. Turudie.

Na walimu nao, tafadhali, wafundishe watoto mikato miwili: ule wa sarufi na ule wa shairi. Mtoto ajue kwamba katika barua mkato unamlinda asieleweke vibaya, na katika shairi unamlindia kina na pumzi. Shairi lisomwe kalasini kwa sauti, si kwa macho tu. Kusoma shairi bila kupumua ni sawa kukula bila kutafuna: tumbo linajaa, lakini mdomo haukujua utamu.